Jiwe Kati ya Wakwe

Nyanya Elsie alikuwa ndiyo kwanza anyooshe kidole kwenye nyayo zilizochongwa mwambani, gari la Baba likatokea korongoni. Akavuta blanketi mpaka likamfunika kichwa chote, akageukia mchangani, jua la adhuhuri likimpiga mgongoni.

Bwana Hartigan, aliyetumwa na serikali kuamua hatima ya mwamba wetu, akaniuliza kama bibi anaumwa. Nikamjibu kwa sauti ndogo kwamba haumwi, ila mkwe wake amefika. Akafurahi. Ni yeye aliyemwita Baba kwa redio bila kuniuliza, kwa kuwa Baba ndiye mkuu wa walinzi wa hifadhi.

"Vizuri," akasema. "Sasa nimewapata wote wawili."

Sikujua nianzie wapi. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawasemezani, hawakai hata kivuli kimoja. Nyanya akiingia dukani, Baba hutokea mlango wa nyuma. Si ugomvi. Ndiyo heshima yenyewe, na anayeivunja huzeeka na aibu yake. Maneno yao yote yalipitia kwa Mama, lakini Mama yuko hospitalini katika mji wa Alice, kwenye mashine ya figo. Nimebaki mimi, ambaye hata kuagiza chai mbele ya wageni hunitoa jasho.

Uzio wa hifadhi unaishia kwenye mto mkavu, na mwamba uko ng'ambo. Kampuni ya mgodi ilitaka kupitisha barabara hapo. Mashimo ya baruti yalikuwa yameshatobolewa, wangelipua Jumatatu. Mtaalamu wao alisema koo mbili zinadai hadithi mbili, kwa hiyo hakuna ya kuaminika. Lakini hadithi ni moja. Dada wawili wa kale walitoka nchi ya kina Nyanya, wakafika hapa wakachimba maji, wakaacha nyayo zao mwambani, wakaendelea mpaka nchi ya kina Baba. Watu wa Nyanya huuimba wimbo wa safari yao hadi kwenye duara kubwa lililochongwa katikati ya mwamba. Watu wa Baba huupokea hapo. Hakuna anayeruhusiwa kuimba kipande cha mwenzake. Bwana Hartigan alitaka asikie vipande hivyo vikiungana, na alitaka leo, maana vumbi jekundu lilikuwa linapanda magharibi na rubani wa helikopta iliyomleta alishaanza kunung'unika.

Nikamwacha Nyanya upande mmoja wa mwamba, nikamweka Baba upande wa pili. Nikawa nazunguka mbio, nachukua maneno ya huyu, nayarudisha kwa mgeni, namwendea yule. Viatu vilijaa mchanga. Bwana Hartigan akanivumilia kwa muda, kisha akatikisa kichwa.

"Anayesema ni wewe, binti. Wao sijawasikia."

Nyanya akauliza kutoka ndani ya blanketi yule mwenye masikio mekundu analalamika nini. Nikamweleza. Akaguna, akasema basi na ayafungue vizuri hayo masikio, halafu akaanza kuimba.

Aliimba akiuelekea mwamba, sauti yake imepasuka lakini haitetereki, akizifuata nyayo moja moja kwa kidole, mpaka kwenye duara. Akakoma. Baba hakuupokea. Nikakimbia upande wa pili. Baba alikuwa amechuchumaa, kofia mkononi.

"Nikianza pale alipoachia, nimemjibu mkwe wangu mbele ya watu," akasema. "Nitaishije, mwanangu?"

"Humjibu yeye, Baba. Unalijibu jiwe."

"Maneno ya chuoni hayo."

Nikaanza kulia. "Jumatatu hamtakuwa na jiwe hata la kujifichia."

Akanitazama sana. Kisha akafumba macho, akaanza, chini chini, na wakati huohuo helikopta ikanguruma. Bwana Hartigan alikuwa ameshageuka kwenda. Wimbo wa Baba ukamezwa na kelele zile, aibu yote ameibeba bure.

Sijui nilifikaje pale. Nilijikuta nimelishika shati la mgeni, mimi ambaye simtazami mtu machoni, nikimwambia hajasikia, Baba ameanza lakini yeye hajasikia. Alisema amesubiri vya kutosha. Sikumwachia. Shati likachanika begani. Mwishowe akampungia rubani mkono, na injini ikazimwa.

Niliporudi, Baba alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Sikuwa na uso wa kumwomba aimbe tena.

Ndipo Nyanya, bila kuambiwa na mtu, akaurudia ubeti wake wa mwisho. Safari hii aliuegemea mwamba, kiganja juu ya duara, na alipofika mwisho hakukoma ghafla. Aliivuta sauti, akaiacha ikining'inia, kama mtu aliyeshikilia mlango mwenzake apite. Nusu ya aibu ya Baba akaichukua yeye.

Baba akapita. Aliimba kwa sauti kamili, na kidole cha Bwana Hartigan kikafuata nyayo zikitoka kwenye duara, moja baada ya nyingine, mpaka ukingoni.

"Ni safari moja," akasema. Akaenda kwenye redio, akaagiza mashimo yale yafukiwe na uzio uvushwe mto.

Helikopta ilipoondoka hakuna aliyefurahi. Nyanya alikuwa anatetemeka chini ya blanketi, ameketi kwenye mchanga unaounguza. Nyuma ya mwamba nilimsikia Baba akilia kwa kwikwi, kama mtoto. Hawakuweza kufarijiana. Aliyekuwepo ni mimi tu, na sikujua nianze kwa nani.