Aliyeachia Mpini

Haya, geuza uso, kama ulivyozoea. Vile vyuma vya duara vyenye tundu katikati unavipenda. Unavinyanyua mbele ya kioo, unajitazama misuli. Vilikotoka hutaki kujua. Leo utajua.

Hapa Batala, Punjab, Nirbhail Singh alishindilia mchanga ndani ya kasha, akakandamiza kielelezo cha mbao, akakitoa, likabaki duara tupu la kumiminia chuma. Akaugusa mchanga kwa kidole.

"Kaka Bachittar, huu bado una maji. Chuma kitaruka."

"Umeanza woga wa bibi harusi!" Bachittar, msimamizi, akacheka. "Lori linangoja. Shika mpini wa ndoo."

Akashika. Angekataaje? Yeye na Bachittar walibadilishana vilemba mbele ya kijiji kizima, na kwetu ndugu wa kilemba hupita ndugu wa tumbo. Tena ndoo ya chuma kilichoyeyuka hubebwa na wawili, huyu upande huu, yule upande ule, na hakuna kuachia. Anayeachia humwagia mwenzake.

Wakaiinamisha. Maji ya mchangani yakawa mvuke, kalibu ikalipuka, cheche zikatapakaa. Bachittar akaachia mpini, akakimbia. Nirbhail akang'ang'ania peke yake, ndoo ikampindukia, uji mwekundu ukamla mguu.

Aliporudi kiwandani alikuwa kwenye magongo. Tajiri akauliza nani aliachia, maana aliyeachia hana kazi wala matibabu.

"Ni yeye, bosi," alisema Bachittar, macho ukutani. "Nilimpigia kelele ashike, hakusikia."

"Kaka! Nitazame ndipo useme."

"Usiniite kaka hapa."

Nirbhail akawageukia wenzake, wale wote walioona. Mmoja akakohoa. Mwingine akaokota koleo ambalo hakuwa na kazi nalo. Ndugu zangu hao! Chai walikunywa naye kikombe kimoja.

Akakifungua kilemba alichovishwa na Bachittar, akakilaza juu ya mchanga, akatoka kichwa wazi mchana kweupe, yeye ambaye hata jirani hakuwahi kuziona nywele zake.

Yuko langoni mpaka sasa, mguu umefungwa matambara. Ndani, ndoo inapashwa moto, na Bachittar ameshapata mtu mwingine wa kushika mpini.

Wewe wa koleo, na wewe unayesoma: mnajua nani aliachia. Inuka. Ingia ukamwambie tajiri, kwa sauti, mbele ya Bachittar. Sasa hivi, kabla ndoo haijanyanyuliwa.