Mafaili Thelathini na Saba

Pale kituo cha redio walimwita Mtaalamu, naye akaitika. Mwanzoni lilikuwa jina la utani tu, kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kuifufua kompyuta iliyogoma bila kuipiga kofi. Miaka ikaenda, jina likamkolea. Alikuwa na mke, mabinti wawili, na chumba chake cha kazi chenye feni inayozunguka upande mmoja na mlango anaoufunga akitaka watu wajue ana shughuli nzito.

Ng'ambo ya korido kulikuwa na chumba cha kanda. Paa lilivuja, na kanda za miaka thelathini zikaanza kuota ukungu. Mkurugenzi alipoona hali ile akaamua sauti zote zihamishiwe kwenye kompyuta kabla hazijaoza kabisa. Mashine za kuzisomea zilikuwa kwenye kampuni moja katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima. Kanda zikapakiwa kwenye lori, na Mama Kanda akaenda nazo.

Mama Kanda alikuwa fundi mitambo wa kituo tangu enzi za mashine kubwa kama makabati. Alikuwa ameshastaafu, akaitwa kwa kazi hiyo moja. Kwa miezi minane alisafisha kila kanda kwa kitambaa laini, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto mchanga. Nyingi zilikuwa zimechoka kiasi cha kukubali kuchezwa mara moja tu. Zikishapita kwenye mashine zinaacha unga wa kahawia, na hapo basi. Alizisikiliza zote kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaandika kwenye daftari lake namba, urefu na hali ya sauti. Kanda elfu mbili mia moja na arobaini zikawa mafaili elfu mbili mia moja na arobaini kwenye seva ya ile kampuni. Kituo kilipewa siku tisini kuyapakua yote. Baada ya hapo kampuni ingesafisha nafasi yake.

Hapo ndipo kazi ilipomfikia Mtaalamu.

Mafaili yalikuwa makubwa, na mtandao wa kituo ulikuwa wa kusuasua. Umeme ukikatika, kila kitu kinalala. Mtaalamu hakuona tabu. Kwa mchana mmoja akaandika programu fupi: inasoma orodha, inatazama kwenye diski kama faili lenye jina lile lipo; likiwepo, inaliruka, lisipokuwepo, inalivuta. Mtandao ukikatika anaiwasha upya, nayo inaendelea na mafaili ambayo bado. Alimwonyesha Mkurugenzi mistari ikishuka kwenye kioo, na Mkurugenzi akasema, "Wewe bwana, sijui tungefanyaje bila wewe." Maneno yale alienda nayo nyumbani, akamsimulia mkewe mara mbili.

Wiki ya sita, fundi wa kule kwenye kampuni alimpigia simu.

"Kwenye orodha tumeweka namba ya uhakiki mbele ya kila faili," alisema. "Faili likipungua hata kidogo, namba yake haitalingana na hiyo. Umeshakagua?"

Mtaalamu alikuwa na chai mkononi. Alikuwa ametoka tu kuhesabu mafaili, akapata elfu mbili mia moja na arobaini kamili.

"Nimeshakagua," alisema.

"Yote?"

"Yote, bwana. Andaeni barua ya makabidhiano, nitasaini."

Aliisaini. Kampuni ikayafuta mafaili kwenye seva yake. Kanda zenyewe, ambazo sasa zilikuwa unga na plastiki, zikapelekwa jalalani.

Miezi minne baadaye, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alifika mapokezi akiwa na barua ya maombi aliyoiandika kwa mwandiko ulionyooka. Mama yake aliwahi kuwa mtangazaji pale. Aliendesha kipindi cha kusoma barua za wasikilizaji, na alifariki mwalimu akiwa na miaka saba. Alikuwa na picha zake. Sauti hakuwa nayo. Kwenye orodha kulikuwa na kipindi kimoja tu cha mama yule, namba mia sita na kumi na moja. Mtaalamu akamkaribisha chumbani kwake, akamvutia kiti, akampa spika za masikioni, naye akachukua nyingine.

Sauti ilikuwa safi ajabu. Mtangazaji alicheka, akakohoa, akaomba radhi, akasoma barua ya mtu aliyepoteza baiskeli. Mwalimu alijiziba mdomo kwa kiganja. Barua ya pili, ya tatu. Dakika ya kumi na moja yule mama akasema, "Na kabla sijafunga barua hii, napenda kumsa—"

Kimya.

Mwalimu aliendelea kukaa vilevile, mkono mdomoni, akisubiri.

"Kaka, inaendelea?"

Mtaalamu alitazama kioo. Mshale ulikuwa umefika mwisho. Kabla hajafikiri, mdomo ulikuwa umeshasema.

"Hizi kanda zilikuwa mbovu sana, dada. Nyingine ziliharibika zikisafishwa."

"Nani alikuwa anazisafisha?"

"Kuna mama mmoja mstaafu. Mtu mzima, unajua tena."

Mwalimu aliinama kidogo, kama anayepewa pole, akashukuru. Akaomba hizo dakika kumi na moja. Akawekewa kwenye flashi, akaifunga kwenye leso.

Alipotoka, Mtaalamu alifunga mlango, akafungua ile orodha ya kampuni ambayo hakuwahi kuitazama vizuri. Faili namba mia sita na kumi na moja: urefu dakika arobaini na tatu. Akaendesha ukaguzi wa namba kwenye mafaili yote, kazi iliyochukua saa tatu, na ambayo ingechukua saa tatu vilevile miezi minne iliyopita. Mafaili thelathini na saba hayakulingana.

Alielewa mara moja, na hilo ndilo lililomuumiza. Programu yake ililipatia faili jina lake kamili tangu tone la kwanza la data. Mtandao ulipokatika katikati, kipande kilibaki kwenye diski kikiwa na jina la faili zima. Alipoiwasha upya, programu ilikiona, ikasema faili lipo, ikaliruka. Kila mtandao ulipokatika, faili moja lilikatika nao. Kosa lenyewe lilikuwa la kitoto. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona.

Alimpigia fundi wa kampuni. "Tulishafuta," fundi alisema. "Si ulisaini?"

Siku ile hakumwambia mtu. Kesho yake pia hakusema. Lakini mwalimu alikuwa amemwandikia Mkurugenzi barua ya shukrani, na ndani yake, kwa adabu tu, akasikitika kwamba kanda iliharibikia mikononi mwa yule mama aliyeisafisha. Mkurugenzi akamwita Mama Kanda. Akamwalika na mwalimu, ili apate maelezo.

Walikutana ofisini kwa Mkurugenzi saa nne asubuhi. Mama Kanda alivaa kama mtu anayekwenda kwenye sherehe, na daftari alilipakata kwenye kanga. Mtaalamu alimsalimu shikamoo bila kumtazama usoni.

"Marahaba, mwanangu." Akafungua daftari, akapitisha kidole. "Hii hapa. Mia sita na kumi na moja. Dakika arobaini na tatu, sauti safi. Nimeandika mwenyewe."

"Sasa mbona ni kumi na moja, mama?" Mkurugenzi aliuliza kwa upole.

Mama Kanda alilitazama lile daftari. Akalisogeza karibu na macho, akalirudisha mbali.

"Basi labda niliandika nikiwa nimechoka," alisema. "Labda nilidhani nimesikiliza yote." Akamgeukia mwalimu. "Nisamehe, mwanangu. Mama yako alikuwa rafiki yangu, tulikula sahani moja hapa. Mikono imezeeka. Ningejua ingekuwa hivi, kazi hii ningemwachia mwingine."

Mwalimu alishuka kwenye kiti akamshika magoti. "Usiseme hivyo, mama. Wala usiseme."

Mtaalamu alikuwa amesimama karibu na kabati. Sentensi alikuwa nayo tayari kinywani, fupi kabisa, na alisubiri pengo la kuisemea. Pengo likaja, likapita. Mkurugenzi akasimama, watu wakaagana. Mtaalamu akambebea Mama Kanda mwavuli hadi getini, na Mama Kanda akamshukuru.

Jioni alikaa mezani mbele ya sahani.

"Mbona unakula kama umelazimishwa?" mkewe aliuliza. Wasichana wakacheka. Aliwasubiri waondoke, kisha akamweleza mkewe yote, kuanzia ile chai na simu ya fundi.

"Na yule mama ameondoka akidhani ni yeye?"

"Ndiyo."

"Ukamshikia mwavuli."

Mkewe akainuka. Alichukua vyombo, akaenda kuviosha, na Mtaalamu akabaki akisikiliza maji.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alibisha hodi kwa Mama Kanda. Alimkuta sebuleni, redio ndogo imefunguliwa mgongo, bisibisi iko pembeni. Mtaalamu alikataa kiti. Alisema akiwa wima, akajikwaa kwenye maneno, akarudia.

"Kanda yako ilikuwa nzima, mama. Faili lilifika nusu. Niliulizwa kama nimekagua, nikasema nimekagua. Sikukagua. Na jana nilijua. Ulipokuwa unaomba msamaha, mimi nilikuwa najua."

Mama Kanda aliigeukia meza.

"Redio hii ya jirani," alisema, akionyesha mezani. "Ameniletea jana mchana. Nimeifungua, nikashindwa kuigusa. Nimekaa naangalia mikono yangu. Nikajiuliza, ni zipi nyingine nilizoharibu? Miaka yote ile, ni zipi nyingine?"

"Nisamehe, mama."

"Ngoja kwanza na hilo la kusamehe." Akajifunga kanga. "Twende ukayaseme palepale nilipoyasemea mimi. Na yule binti awepo."

Wakaenda. Mkurugenzi alimtuma dereva kumfuata mwalimu shuleni wakati wa mapumziko. Mtaalamu akarudia yote, safari hii Mama Kanda akiwa ameketi wima, na yeye Mtaalamu ndiye wa kuangaliwa. Mkurugenzi alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwalimu aliuliza swali moja.

"Kwa hiyo dakika nyingine thelathini na mbili zilikuwepo?"

"Zilikuwepo, dada."

"Na mama, wewe ulizisikia?"

"Nilizisikia," Mama Kanda alisema. "Lakini nilisikia elfu mbili na zaidi. Kicheko chake nakikumbuka. Maneno siyakumbuki, na sitaki kukutungia."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Alipokuwa akitoka, Mtaalamu alimnyooshea mkono, lakini mwalimu hakuuona, au hakutaka kuuona.

Mtaalamu alipewa barua ya onyo, na kazi hakufukuzwa, jambo ambalo siku nyingine lilimwelemea kuliko kufukuzwa. Fundi wa kampuni alikuwa muungwana: alipekua hadi akapata kabatini diski ya majaribio iliyosahaulika, na ndani yake mafaili kumi na tisa kati ya yale thelathini na saba. Namba mia sita na kumi na moja haikuwemo. Yalibaki kumi na nane ambayo hayapo popote duniani.

Kumi na tisa yale yalipaswa kupakuliwa kwa mtandao uleule wa kusuasua, na Mama Kanda alisema hayapakuliwi bila yeye kuwepo. Mtaalamu aliiandika programu upya. Sasa faili lilivutwa kwa jina la muda, kila mtu aone kwamba halijakamilika. Mtandao ukikatika, programu inatazama kipande kimefikia wapi na kuendelea kutoka hapo. Likifika lote, namba ya uhakiki inapigwa. Isipolingana, linatupwa na kuvutwa upya. Ikilingana, ndipo linapewa jina lake halisi na kunakiliwa kwenye diski ya pili, inayokaa jengo jingine.

Mama Kanda alisikiliza maelezo yote, kisha akauliza, "Waya wa mtandao ni upi?"

"Ule wa bluu."

Akauchomoa. Mistari kwenye kioo ikaganda kwenye asilimia sitini na mbili. Akahesabu hadi thelathini, akaurudisha. Sitini na mbili, sitini na tatu.

"Na umeme?"

"Mama, kompyuta itazimika yote."

"Si ndivyo umeme unavyofanya?"

Akazima swichi ukutani. Walipoiwasha, faili lilikuwa palepale, na jina lake la muda. Alirudia mara nne, mpaka feni ikaanza kulalamika. Faili la mwisho lilipolingana, aliomba lichezwe lote, dakika hamsini za mpira wa miguu wa zamani, akasikiliza hadi kipenga, akaandika kwenye daftari. Hakumwambia kwamba amemsamehe. Lakini wiki iliyofuata alimpigia simu kuuliza bei ya spika, kitu ambacho angeweza kumuuliza mtu yeyote.

Mkurugenzi aliagiza kwamba wenye sauti zilizokuwa kwenye yale mafaili kumi na nane, au ndugu zao, wapigiwe simu, na anayepiga awe Mtaalamu. Alipanga simu moja kwa siku, akiwa amefunga mlango. Mchezaji mmoja wa zamani alicheka, akasema mechi ile walifungwa, afadhali imepotea. Mjane mmoja alikata simu. Mzee wa kwaya akamtaka aeleze tena polepole, mkewe naye asikie. Mtaalamu akaeleza tena. Kila mara alianza na maneno yaleyale, kwa sababu alishajaribu mengine na yote yalikuwa na mlango wa kutokea:

"Mimi ndiye niliyesema nimekagua, na sikuwa nimekagua."