Hakuuliza Mara ya Pili

Msinisimulie habari za sukari ya bure. Ratili moja ya sukari, mche wa sabuni na kikombe cha chai ya maziwa ya kopo: hivyo ndivyo walivyoshukuriwa wauguzi wa kambi ya ndui kule Changamwe, mwaka wa arobaini na nne, vita vya Wazungu vingali vimepamba moto. Sidi, aliyekuwa mmoja wao, hakuionja sukari ile hata chembe.

Kambi yenyewe ilikuwa vibanda sita vya makuti vilivyozungushiwa waya, upande wa kuelekea Mikindani. Mgonjwa akishaingia hatoki mpaka apone au afe, na muuguzi vilevile. Waliwalaza watu juu ya majani ya mgomba, maana ngozi ilikuwa ikigandamana na shuka na kubanduka nayo. Waliwaosha, wakawanywesha uji kwa kijiko, wakawafukuzia nzi. Miezi mitatu wakafanya kazi hiyo. Kisha ndui ikamshika mwenzao Nyamvula, mwenyeji wa Mtopanga, shoga yake Sidi wa kufa na kuzikana. Alikuwa amechanjwa, lakini chanjo haikushika. Masikini, msichana aliyekuwa akiwachekesha hata mahututi, siku ya tano uso wake haukujulikana tena.

Mama yake, Kanze, alipopata habari alikuja kwa miguu, akaketi nje ya waya, na hapo hakubanduka. Kanze ndui alikwisha kuiugua utotoni, uso wake wote makovu, na kila mtu pwani anajua kuwa ndui haimrudii mtu. Angeingia asidhurike. Lakini amri ilikuwa amri: mgeni haingii ila kwa sahihi ya Bwana Daktari Mkuu, naye alikuja kutoka mjini Jumamosi kwa Jumamosi tu.

Nyamvula hakuomba dawa, alijua dawa hakuna. Aliomba kumwona mama yake.

"Ataingia lini, Sidi?" aliuliza kila asubuhi.

"Jumamosi, Mungu akipenda. Jikaze shoga yangu."

Na Jumamosi hiyo ndiyo Bwana aliyoiweka ya kuwashukuru watumishi wake. Karani wa mjini alikuwa amekwisha kuwatonya: baada ya hotuba, Bwana atawauliza wanataka nini. Wauguzi wakakaa wakashauriana, na wote wakatoka na neno moja, Kanze aingie. Msemaji wao akawa Mwarandu, dresa mkuu, yaani mfunga vidonda, aliyekuwa mkubwa wao wote kwa kazi na kwa umri, mzaliwa wa Rabai.

Jamani, Mwarandu na adabu zake! Mkaribishe chakula, atakwambia ameshiba na tumbo linamnguruma. Mshurutishe, atasema tena ameshiba. Mara ya tatu ndipo atakapoomba maji ya kunawa. Nisimseme peke yake, ndivyo tulivyolelewa sote. Mtu mwenye kwao haparamii kitu akiulizwa, hungoja abembelezwe, na mwenye kutoa naye ajua kwamba kubembeleza ni juu yake. Hayo sisi tunayajua tangu ziwa la mama. Mzungu atayajulia wapi?

Basi wakajipanga mstari mbele ya vibanda, nguo nyeupe zimefuliwa zikang'aa. Bwana Mkubwa akashuka garini, mtu mrefu, mwekundu kwa jua, akasoma hotuba yake. Aliwaita askari wa vita vya ugonjwa. Dereva wake, Mwinyihaji, akagawa sukari na sabuni. Chai ikanywewa. Kisha Bwana akakunja karatasi, akatabasamu, na kwa kweli tabasamu lake lilikuwa la moyoni.

"Nyinyi nafanya kazi mzuri sana," alisema. "Sasa mimi nataka fanya kitu kwa nyinyi. Sema tu. Nyinyi nataka nini?"

Mwarandu akapiga hatua mbili mbele. Akavua kofia, akaishika kifuani, akainamisha kichwa.

"Bwana," alisema, "sisi hatuna haja ya kitu. Wema wako watutosha."

Sidi hakushtuka. Alisema moyoni, hiyo ni ya kwanza, sasa Bwana atamsihi. Akayaelekeza macho kwenye midomo ya yule Mzungu, akaingoja ya pili.

"Ah! Mzuri sana!" Bwana aliitikia. Machozi yalimlengalenga. Akampa Mwarandu mkono, akautikisa, akavaa helmeti yake, huyo, akaingia garini.

Mwarandu alibaki pale pale, kofia kifuani. Injini ikawaka. Hapo ndipo Sidi alipozinduka, akatimua mbio mstari ukavurugika, "Bwana! Bwana!" vumbi limemjaa kinywani. Gari lilikuwa limekwisha kupita lango. Bwana akageuka dirishani, akamwona muuguzi anamkimbilia, akampungia mkono wa kwaheri kwa furaha.

Sidi aliporudi alimkabili Mwarandu, mtu ambaye hakuwahi kumwinulia hata macho.

"Mzee, umefanya nini? Umetufanya nini?"

"Hakuuliza mara ya pili," Mwarandu alisema. "Mwanangu, hakuuliza mara ya pili."

Na wewe Sidi, kinywa chako kilikuwa wapi? Hilo alijiuliza mwenyewe, wala jibu lake halikuwa zuri. Alimwachia mkubwa aseme, na mkubwa aliposema visivyo, akangoja. Jioni ile hakwenda kwenye waya kumwamkia Kanze. Uso angeupata wapi?

Nyamvula alikufa kesho yake asubuhi, kengele ya kanisa ikilia. Alikuwa ameuliza mara moja tu, "Bwana amekuja?" na Sidi akasema amekuja. Basi akatulia, akingoja hatua za mama yake mlangoni, na katika kungoja huko akakata roho. Amri ilisema maiti ya ndui isikae, kwa hiyo kabla ya adhuhuri walikuwa wamekwisha kumzika nyuma ya vibanda na kummwagia chokaa. Askari wa lango akatumwa mjini kwa baiskeli na barua ya Mwarandu ya kuarifu kifo, na ndani yake habari za yule mama.

Alasiri Mwinyihaji akaja na gari, ameleta kopo la biskuti na barua ya pole, Bwana anashukuru kwa utumishi wa marehemu.

"Lakini nyinyi!" dereva alisema, akipiga paja. "Mbona hamkunena jana? Wallahi, nimemwona kwa mato yangu, kasoma barua kashika kichwa. Kasema, 'Kwa nini wao hapana niambia?' Angetia sahihi papo hapo juu ya gari. Wiki iliyopita kamruhusu Banyani mmoja amwone mkewe katika kambi nyingine, hata swali hakumuuliza!"

Mwarandu alitembea mpaka kwenye waya, na Sidi akamfuata.

Kanze aliwaona wanavyokuja, akasimama. Hakuhitaji kuambiwa lililotokea, ila alipiga ukelele mmoja, akakaa chini, akajishika kichwa kwa muda mrefu. Kisha akainua uso.

"Yule Bwana alikuja jana, gari nililiona. Mlimwomba? Alikataa?"

Mwarandu akachutama mbele yake.

"Alikataa, mama," alisema. "Tulimsihi sana. Alikataa."

Sidi akamgeukia. Neno lilimfika ulimini, la kweli, lote. Akamtazama mwanamke yule pale mavumbini, akalimeza tena.

"Mungu atamwona," Kanze alisema. Akapenyeza mikono baina ya nyaya, akamshika Mwarandu kwa huu, na Sidi kwa huu. "Lakini nyinyi wanangu, ahsanteni. Mmemwosha mwanangu, mmemlisha, mkapigana na Mzungu kwa ajili yangu. Ahsanteni sana."

Na Sidi, Mungu amsamehe, akaitikia, "Ahsante nawe, mama."