Njia ya Kisima

"Chagueni moja," Libérata aliwaambia. "Moja tu, na ikuwe kazi ya mikono yenu, hapana ya serikali."

Vijana wa parokia walikuwa wamekaa kwenye nyasi nyuma ya kanisa la Karuba. Padri alimwomba Libérata, fundi cherehani na mlezi wao, awasaidie kuchagua tatizo moja la kijiji walitatue wenyewe kabla ya msimu wa kupanda. Upande wa Mushaki bunduki zililia, zikanyamaza. Hakuna aliyegeuza kichwa.

Mumbere alitaka daraja. Aimée alitaka paa la shule, lililong'olewa mabati na watu wenye silaha. Libérata aliwauliza maswali kwa sauti ile ile anayoulizia vipimo vya sketi: nani anaumia, tuanzie wapi, nani atatuzuia. Daraja lilihitaji miti mikubwa, na msituni hakuendeki. Wakabaki na shule.

Ndipo Kétsia, msichana asiyesema sana, akasema huku akiangalia majani: "Mama, iko kisima."

Patient, kijana aliyekaa kando yake, alimkanyaga mguu.

Kila mtu alijua. Kisima cha bondeni kilikuwa karibu, maji yake safi. Lakini tangu Isidore, mume wa Libérata, auawe pale pale kwenye maji, kijiji kilikiacha. Njia ikaota magugu. Wanawake walichota mtoni, ng'ombe wanaposimama, na mdogo wake Kétsia alikuwa amelazwa hospitalini Kirotshe kwa kuhara. Wauaji walishahama, woga ulibaki, woga na heshima kwa mjane.

Libérata alingoja kitu kimpande kifuani. Hakikuja. Tangu mazishi alikuwa hivyo: alikula, alishona, aliitikia salamu.

Akawaambia wapige kura. Mikono ikainuka kwa shule, mmoja baada ya mwingine. Hata Kétsia aliinua wake, nusu.

"Mudogo wako anaendelea aje?" Libérata alimwuliza.

"Hajapata nguvu, Mama."

"Basi shusheni mikono. Munachagua shule juu ya kunihurumia mimi, na watoto wanakunywa mikojo ya ng'ombe." Hakupaza sauti. "Mukamate mapanga. Nitatangulia."

Walishuka mchana ule ule. Yeye alifyeka mbele, wao nyuma yake. Alipofika kwenye jiwe la kisima, pale alipouawa Isidore, hakulia. Alipiga magoti, akatoa tope kwa mikono, kama mtu anayesugua sufuria. Patient alitaka kumpokea kazi, Libérata akakataa. Maji yalitoka mekundu, kisha meupe kama maziwa, kisha yakawa maji.

Kétsia akajaza bidoni ya kwanza kati ya madumu waliyoshuka nayo, lakini hakunywa. Alimwangalia Libérata. Libérata akachota kwa kiganja, akanywa, akasikia baridi kwenye meno. Baridi tu.

Juu, ukingoni mwa malisho, wanawake walikuwa wamesimama na bidoni tupu, wanatazama. Hakuna aliyeshuka. Halafu mmoja akavua viatu, akavishika mkononi, akatia mguu kwenye njia.