Kikohozi cha Dobi

Muuza nyama alianza kukohoa asubuhi, wakati wa chai, kati ya mkate na mayai, na mke wake akaona aibu. Alikuwa mwanamume wa kifua kipana, aliyeingia na kutoka kwenye chumba cha barafu cha bucha yake maisha yake yote bila hata kupiga chafya. Watoto wao walikuwa wamechangiana kuwapeleka likizo kwenye meli kubwa ya matembezi, yenye bwawa la kuogelea juu na ukumbi wa muziki katikati, ili wazee nao wapumue kidogo. Sasa mzee mzima anakohoa hadi vijiko vinacheza mezani.

"Nyumbani hukuugua, umengoja likizo," mke wake alimwambia, akamshika paji la uso. Lilikuwa la moto kama pasi. Akamkokota mpaka zahanati.

Zahanati ya meli ilikuwa ndogo na safi, vitanda vyake vimekazwa sakafuni visije vikatembea bahari ikichafuka. Daktari, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, alimwambia mgonjwa avue shati, akamwekea mgongoni kile kipimo cha kusikilizia kifua, akamwambia avute pumzi. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba pafu la kulia limeshikwa na homa ya mapafu, na hali ni mbaya, ila pafu lenyewe si lake.

Muuza nyama akauliza ni la nani basi, maana yeye na mapafu wanajuana vizuri, amewauzia watu maisha yake yote.

Daktari hakubishana. Alimvika mke wa mgonjwa kipimo masikioni. Mama akausikia kwanza moyo wa mumewe, ambao aliujua, ukienda taratibu kama kawaida yake. Nyuma ya moyo akasikia mashine kubwa zikizungusha maji, mvuke ukitoka, vitambaa vikikung'utwa, na katikati ya kelele zote hizo msichana akiimba kwa sauti ya chini, akikatiza kila mstari ili atafute pumzi. Aliimba vizuri mno. Mama alisimama pale machozi yakimtoka, hataki kukirudisha kipimo cha watu.

"Huyo ni dobi," daktari alisema. "Ugonjwa unataka kitanda, mama. Huko chini mfanyakazi akionekana anaumwa, anateremshwa bandari inayofuata na begi lake, na kazi imekwisha. Kwa hiyo hawalali. Ugonjwa ukikosa pa kulala, unapanda huku kutafuta mtu aliye likizo."

Aliyasema hayo kama anayewaeleza saa za chakula. Safari iliyopita, alisema, alimfunga bendeji hakimu mmoja mstaafu kwa ajili ya mkono wa mpishi ulioungua, na mpishi akapona. Dawa hushuka bila shida. Alimpa muuza nyama vidonge, asubuhi na jioni, asiruke hata kimoja. Yeye mwenyewe asiwe na hofu, kifua kitamwachia siku atakayoshuka melini. Anayeweza kufa ni binti.

Muuza nyama alisema hawezi kumeza dawa ya mtu asiyemjua. Basi wakateremka wote watatu kwa lifti ya wafanyakazi, na kadiri walivyoshuka ndivyo mashine zilivyozidi kunguruma kifuani mwake, hata mlango ulipofunguliwa hakujua tena kelele ipi iko ndani na ipi iko nje. Mashuka meupe yalirundikwa mpaka darini. Binti alikuwa anakunja, kitambaa kichwani, mashavu yamemwingia ndani. Alipovuta pumzi, kifua cha muuza nyama kilipanda. Akaelewa. Akajaza hewa polepole, kifua chake chote kile kipana, akaishikilia, akaiachia. Binti akafumba macho na kupumua naye, pumzi ndefu, mabega yakamshuka. Madobi wengine wakasimama na mashuka mikononi, kimya. Mashine nazo zikanyamaza, moja baada ya nyingine, bila kuzimwa na mtu. Mke wa muuza nyama aliona kama yuko mahali pa ibada, akavua viatu.

"Pole, mwanangu," muuza nyama alisema.

"Pole wewe, baba, unayekohoa. Naomba unimezee tu. Usiniombee kwa mtu."

Mashine zikaanza tena, na binti akachukua shuka jingine.

Lakini mzee aliyelea mabinti hasikii la kuambiwa. Hakumtaja mtu, alimwendea tu nahodha na kumwomba, huku akikohoa, wafanyakazi wanaoumwa waruhusiwe kulala kidogo. Nahodha alimsikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi. Alisikitika sana kusikia abiria wake ni mgonjwa. Ili kuonyesha kwamba jambo hilo hakulichukulia kimzaha, akaamuru mashuka ya ghorofa yao yote yabadilishwe asubuhi, mchana na jioni.

Jioni hiyohiyo mabega ya muuza nyama yalimuuma, hakuweza kuinua kikombe.

"Umemwongezea kazi mtoto wa watu," mke wake alimwambia. Walijaribu kuyaficha mashuka chini ya kitanda. Walijaribu kulala sakafuni. Mhudumu aliyatoa, akatandika mapya, akawaomba radhi kwa usumbufu.

Basi akabaki kumeza. Alilala kwenye kiti cha jua kama daktari alivyomwagiza, akavuta hewa ya bahari kwa bidii kuliko alivyowahi kufanya kazi yoyote. Homa ilishuka. Dawa zilimfikia binti. Mapumziko hayakumfikia, yaliishia kwenye kiti. Asubuhi ya kufika bandarini daktari alimsikiliza mara ya mwisho, akasema pafu limefunguka nusu. Binti angelala siku chache tu, lingefunguka lote.

Muuza nyama alikataa kushuka. Wakamshawishi kwa heshima, wakambebea mizigo, na mwisho mke wake akamshika mkono. Alipokanyaga gati, kifua kikawa chepesi. Akapumua kama kijana, na hilo lilimuuma kuliko kikohozi. Alisimama palepale, anapumua, analia.

Abiria wapya walikuwa wanapanda. Bibi mmoja mwenye kofia pana alifika katikati ya ngazi, akasita, akashika kifua, akakohoa.

Muuza nyama akapanda akimpita kila mtu, akampa bibi vidonge vilivyobaki. Alimweleza asubuhi na jioni, asiruke.

Bibi alishawahi kusafiri na meli ile. Alivitia mkobani, akaufunga vizuri.

"Anaendeleaje?" aliuliza.

"Anakunja mashuka," muuza nyama alisema.