Rimu za Kaka Mkubwa

...misumari kwanza, matairi ya misumari kabla ya kitu kingine chochote, kisha hita ya injini, kisha kinga ya chuma chini ya sampu ya oili, na kuinua gari kungeweza kungoja, Burulkan alikuwa ameyapanga yote kichwani tangu theluji ya kwanza ilipoanguka, akayapanga akikamua ng'ombe, akayapanga akikanda unga, na sasa amesimama ndani ya gereji ya Jenish na bakuli la chai mikononi, kigari chao kimepandishwa juu ya jeki kama mtoto aliyeshikwa kwapani, na neno halitoki, kwa sababu Kaka Mkubwa anaongea, na Kaka Mkubwa akiongea mke wa mdogo wake hunyamaza, ndivyo ilivyo, hata jina lake hajalitamka tangu aingizwe nyumba ile akiwa bibi harusi mwenye kitambaa cheupe kichwani, hata likiwa jina la mtu mwingine, hata la mtangazaji wa redio, huliruka kama anavyoruka dimbwi... "Zione, Jenish, hebu zione zinavyong'aa," Kaka Mkubwa alikuwa anasema, anaifuta rimu kwa mkono wa koti, rimu pana za alumini, zimekuja na matairi yake ya kiangazi yasiyo na meno hata moja, "hizi ukizifunga, gari linakuwa gari," na Jenish, ambaye hutania hata matangani, akajibu, "Mzee, kigari hiki kilikuwa sabuni, sasa kitakuwa sabuni iliyovaa pete," wakacheka wote wawili, na Burulkan naye akatabasamu chini, kwa bakuli, kwa sababu ilichekesha kweli na kwa sababu ni yeye atakayeiendesha hiyo sabuni kesho alfajiri kupanda mlima wa Dolon, Mama, yaani mama mkwe wake, akiwa kiti cha nyuma amefunikwa blanketi, kwenda kusafishwa damu ng'ambo ya mlima kama kila wiki, theluji inanyesha au hainyeshi, mashine haingoji hali ya hewa... na hawezi hata kuwaza kuzikataa, maana rimu hizi hazikununuliwa ovyo, ni zawadi ya kuliona gari, kwao kitu kipya hakitazamwi bure, mtoto mchanga, bibi harusi, farasi, gari, anayekitazama mara ya kwanza hutoa chochote cha kukitakia heri, jirani alitoa ushanga wa kuning'iniza kwenye kioo, shangazi alitoa taulo, Mama mwenyewe, ambaye siku hizo alikuwa bado anatembea, alilizunguka gari na kikaango kinachofuka moshi wa mreteni wa kufukuza mikosi mpaka wote wakakohoa, na Kaka Mkubwa, aliyechelewa mpaka wiki hii, akaja na rimu nne zilizofunikwa kwa magunia ya viazi, na zawadi ya namna hiyo ukiikataa umelikataa gari lenyewe, umelitakia mkosi, nani atathubutu, sembuse mke wa mdogo wake.

Angeweza kumwambia mumewe Kubat, na alimwambia, lakini Kubat yuko Urusi anabeba zege, simu ikakatika mara mbili kabla hajamaliza, "Msikilize kaka tu, Burul, usimvunje moyo, yeye ndiye mkubwa," ee, yeye ndiye mkubwa, lakini yule mkubwa macho yake yamefunikwa na ukungu, haendeshi tena, barabara haioni, na mimi ndiye... Burulkan akajizuia, hata ndani ya kichwa chake aliona haya kumsema hivyo, ila hasira ilikuwa imeshaingia, iliingia ile siku ya kona, wiki iliyopita, theluji nyepesi tu, unga uliopepetwa juu ya lami, akakanyaga breki kwa upole kabisa na gari likaendelea, halikumsikia, likaenda upande upande taratibu kama mtu anayetembea usingizini, na chini kule mto, na lori la makaa ya mawe linashuka mbele yao, likapita, wakasimama matako ya gari yakiwa nje ya barabara, na nyuma ikatoka sauti ya Mama, "Binti yangu, ungeniambia tunacheza ngoma ningevaa viatu vizuri," akacheka mpaka akakohoa, na Burulkan akashika usukani akalia bila sauti, usukani wenyewe uko kulia, gari la Kijapani katika nchi ya watu wanaoendesha upande wa kulia, ukitaka kulipita lori unachungulia kwa imani tu... tangu siku hiyo ndipo akaanza kuwasikiliza madereva wanaokunywa chai chini ya mlima, wanabishana kama wanasiasa, mmoja anasema kigari kidogo kiinuliwe kwanza, weka spesa, kipande cha kuinulia, juu ya springi, tumbo lisilambe theluji, mwingine anasema upuuzi, utakiinua kiteleze juu zaidi, hita ndiyo kwanza, asubuhi za baridi kali injini inakuwa jiwe, lakini wote, hata wabishi, wakifika kwenye matairi wanakubaliana, misumari, dada, misumari ndiyo inayokurudisha nyumbani, na Jenish anayo seti moja tu iliyobaki, ile pale, imeegemea ukuta, nyeusi, mbaya, ya rimu ndogo za chuma zenye kutu, haiingii kwenye rimu pana za Kaka Mkubwa hata ukiisomea dua, na nje kuna foleni ya magari, theluji imewatisha watu wote siku moja, ikichukuliwa hiyo basi... na asingeweza kuzifunga za kung'aa leo na kuzifungua kimyakimya kesho nyuma ya banda la majani makavu, maana kila safari Kaka Mkubwa huja mwenyewe kumbeba mama yake mpaka garini, angeona, angenyamaza, na kunyamaza kwake kungekaa ndani ya nyumba mwaka mzima.

"Lakini nikwambie ukweli, mzee," Jenish alikuwa amechuchumaa, anagonga rimu kwa kidole, "theluji kubwa ikishuka haya matairi utayalilia, Dolon haichezewi," na Burulkan akafurahi, sema, Jenish, sema wewe ambaye mdomo wako haujafungwa, na Kaka Mkubwa akaendelea kufuta, akafuta mahali palipokwisha kufutwa, "Theluji kubwa bado. Sisi ni hizi siku chache tu"... siku chache za nini, aliwaza Burulkan, siku chache mpaka nini, mashine ni ya kila wiki, ni ya majira yote, daktari mwenyewe alisema, na hapo wazo likajikwaa, kwa sababu daktari alisema hayo kiangazi, na Ijumaa iliyopita daktari hakumwambia yeye kitu, alifungua mlango akauliza, "Mtoto wa kiume yupo?" na Burulkan, anayejua Mama amekunywa maji kiasi gani, anayejua miguu imevimba mpaka wapi, akabaki kwenye benchi ameshika buti za Mama mapajani, Kaka Mkubwa, aliyekuwa amewasindikiza siku ile, akaingia, mlango ukafungwa, ukakaa umefungwa, na Kaka Mkubwa alipotoka alikuwa amenawa uso, maji yalikuwa bado kwenye masharubu, na Burulkan akadhani mtu mzima amesikia joto, alipaswa kujua, mjinga mimi, alipaswa kujua palepale, maana hakusema lolote la ugonjwa, alikaa karibu na mama yake akamwuliza swali la kipuuzi kabisa, "Mama, ukiambiwa uchague, ungependa upande gari la namna gani?" na Mama akafikiri sana, kama mtu aliyeulizwa jambo la maana, akasema, "Linalong'aa. Baba yenu alinitoa kwetu kwa trekta, tena lilikuwa limetoka kubeba samadi," wakacheka, wauguzi wakacheka, na Burulkan njiani kurudi akanung'unika moyoni kwamba mzee mzima anaulizia magari ya kung'aa hospitalini... mzee mzima alikuwa anajua, kwao habari mbaya haimfikii mgonjwa, wala haiwafikii wanawake wa nyumba mpaka wanaume wameibeba wakachoka, hata kwake ilikuwa hivyo, baba yake alipofariki walimwambia ana mafua tu, njoo umwone, akaenda na mtungi wa asali mapajani, njia nzima anauzuia usimwagike, gari likakunja kwao na akaiona hema nyeupe ya mazishi imesimamishwa uani, na ndipo akajua, kwa kuiona hema, hakuna aliyemwambia kwa mdomo mpaka leo.

Kwa hiyo rimu ndizo hema ya Mama... akaliweka bakuli la chai chini, akamtazama Kaka Mkubwa mgongoni, koti lililochanika kwapani, mtu aliyemwita mpumbavu moyoni wiki nzima, mpenda makuu, kumbe alikuwa anamtafutia mama yake gari la kung'aa la kuendea, basi, hilo tu analoliweza, kuendesha hawezi, kumponya hawezi, kusema hawezi, na yeye Burulkan anapanga misumari, hita ya asubuhi za Januari, kinga ya barafu za Machi wakati maji yanayeyuka, alikuwa ameupanga mwaka mzima na kumkalisha Mama ndani yake hana habari... na bado kona iko palepale, kona haijui safari ngapi zimebaki, hata ikiwa moja, hata kesho tu, lori la makaa litashuka na breki haitasikia, na rimu za kung'aa hazitamzuia Mama kuanguka, sasa amtendee lipi, amfikishe salama kwenye mwisho ambao hakuna anayetaka aufikie, au ampe ile furaha ndogo kisha ajiombee kwenye kila kona, na amwulize nani, Kubat atasema msikilize kaka, na Mama haulizwi... "Mzee, nina foleni nje," Jenish alisema, akasimama, magoti yakalia, "na dereva mwenyewe kanyamaza kama harusi ni yake," na Kaka Mkubwa akageuka, akamtazama usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na yeye kwa mshtuko akasahau kuinamisha kichwa, akayaona macho yale yenye ukungu kwa karibu. "Sema wewe," Kaka Mkubwa alimwambia. "Barabara unaijua wewe. Ukisema misumari, binti, basi tufunge misumari." Alikuwa ameikumbatia rimu kifuani kwa mikono yote miwili, anangoja, na Burulkan akaona kwamba anataka aliseme, anamsihi aliseme, anataka amsikie mtu mmoja tu duniani akisema kuna msimu mzima wa baridi wa kujiandalia... neno lilikuwa pale ulimini, lile lile alilolibeba akikamua na kukanda, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe ameruhusiwa kulisema mbele yake, na hakuweza, maana kulisema sasa kulikuwa ni kumwahidi kwamba mama yake atauona mwisho wa baridi, na ahadi hiyo hana uwezo wa kuitimiza, akafungua mdomo, theluji inaanguka mlangoni, gari liko juu ya jeki, na wanaume wawili wanamtazama wanangoja aseme.