Pombe Moja, Kibuyu na Jerikani

Mjukuu wangu Kaliza alirudi Kabuga likizo ya mwaka wa tisini na mbili. Alikuwa anasoma saikolojia, elimu ya akili za watu. Mwanangu Nduwayo, baba yake mdogo aliyemlea, hakuitaka.

"Mama yangu aliishia darasa la tatu, na akikutazama anajua una nini. Kaa dukani kwangu, utajifunza hayo hayo. Chuo basi."

Kaliza hakubisha. Alisema tu, "Baba mdogo, pombe ya ndizi ya Bibi, ya kibuyu na ya jerikani, ipi tamu?"

"Ya kibuyu. Hata mbuzi wa Kabuga wanajua."

"Tuwaulize watu basi. Nikishindwa, nakaa dukani."

Jumapili baada ya misa majirani wakaja. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone haina sumu. Nikaonja ya kibuyu, nikaonja ya jerikani. Ile ya jerikani ilikuwa na ukali, ningeapa. Wageni wakanywa, wote wakasifu kibuyu.

"Haya, kapange sabuni," Nduwayo akamwambia.

"Bado, baba mdogo."

Akanipeleka jikoni nikae. Akajaza vikombe nyuma ya nyumba, akavitia alama anayoijua yeye tu, akampa jirani yetu Gahongayire avigawe bila kujua kipi ni kipi. Wageni wakanung'unika kwamba hakuna aliyeonja. Kaliza akaonja mwenyewe, amewapa mgongo. Kisha kila mtu akamnong'oneza jibu pembeni, mwenzake asisikie.

Safari hii wakagawanyika. Nduwayo mwenyewe alichagua jerikani.

"Mwanzo mlikunywa uso wa Bibi," Kaliza akasema. "Kwa kibuyu alitabasamu, kwa jerikani akafinya midomo. Na pombe ni moja. Asubuhi niliimimina kutoka kibuyu kile kile."

"Na ule ukali?" nikauliza kutoka jikoni.

"Ulikuja nao wewe, Bibi. Ndiyo maana hatuamini macho peke yake, hata yako. Tunapima."

Watu wakacheka, na mimi zaidi. Nduwayo alikimalizia kikombe chake.

"Kwa hiyo nimemsaliti mama yangu kwa pombe yake mwenyewe," akasema. "Funga mzigo. Kwenye basi la kwanza nakusindikiza mimi."

Miaka yote watu wa Kabuga walinisifu kwa kibuyu. Siku ile walipotoka walikuwa wakiulizana yule msichana ni wa nani. Nikatoka jikoni upesi, niwajibu mwenyewe.